MASHINDANO YA PROGRAMU ZA BAO: waandaaji njooni hapa mjibu, mmetufanya majuha

Wadau asalaam alaykum. Naandika na hasira kwa hiyo pakizidi mtanisamehe. Waliokuwepo Jumamosi pale mjini wanajua nnachokisema, ambao hawakuwepo basi wasome wajue mwakani pesa zao wanampa nani. Jina la waandaaji silitaji, wenyewe wanajijua na wamo humu humu wanachungulia.

Tangazo lilisema bao la kiswahili. Haya, bao la kiswahili kila mtu anajua linavyoanza, nyumba (lile shimo maalumu) kete 6, pembeni mbili na mbili, 22 zinabaki mkononi unaanza kunamua, yaani kuziingiza moja moja. Sie tuliotoka Wete tumekesha na hiyo namua maana ndo ngumu kuliko zote kuiandikia code ya kompyuta, lini ulale na nyumba (usimame hapo) lini usafiri nayo (usambaze kete zake), unarekebisha huku kunaharibika kule. Tunafika, programu yao ya mwamuzi inafunguka kete mbili mbili kila shimo! Bao la kujifunza hilo jamani! Programu za watu zikaanguka pale pale, zinatafuta kete za mkononi hazizioni, na mwamuzi bila haya anaandika kashindwa. Hebu nenda Jaws Corner, pale Mji Mkongwe, kawaambie wale wazee kwenye kahawa zao kuwa mashindano ya bao yameanza na kete mbili mbili uone watakavyokucheka. Tulipopiga kelele wakabadilisha, ila waliofungwa wakabaki wamefungwa.

Sasa yangu mie. Kwenye chesi tangu mwaka 2000 kuna UCI, utaratibu mmoja ambao injini (programu za kucheza) nyingi zinaufuata, programu zinapelekeana mitaji, yaani hatua za mchezo, zenyewe hakuna mkono wa mtu. Hapa wamemueka kijana katikati ya laptopu mbili, anasoma huku anachapa kule, kwa kidole kimoja. Programu yangu inaandika shimo la 5 kulia. Kulia kwa nani? Bao watu wanakaa wakitazamana, kulia kwangu ndo kushoto kwako, na mashimo ya mwenzangu yeye kayahesabu kuanzia upande wa pili. Kijana hajauliza, kachapa tu, laptopu ya pili ikasambaza kete kinyume na toka hapo yakawa mabao mawili tofauti, kwangu nyumba imejaa kwake nyumba tupu! Mitaji miwili mbele, wa kwangu ukakataliwa, hukumu: umecheza haramu, umefungwa. Nikamwambia yakhe hebu tuhesabu kete screen zote mbili, najibiwa eti kaka punguza jazba.

Lakini lililoniuma zaidi si langu, ni la yule dada wa Chake. Anayejua bao anajua, kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete unaokota unaendelea, mtaji mmoja unaweza kuzunguka weee. Na watafiti wa Maastricht kule Uholanzi walishaonesha kuwa ipo mitaji isiyokwisha kabisa, yaani kompyuta itasambaza mpaka kiama. Kwa hiyo anayeandaa mashindano ya programu kitu cha kwanza anaandika, kete zikizunguka kiasi gani mtaji unasimamishwa na matokeo yanakuwaje. Hawa hawajaandika hata mstari. Programu ya dada wa watu inasambaza, kete zinaonekana zinahama shimo kwa shimo, kila mtu anaona, mwamuzi anasema imeganda hiyo, akaifunika laptopu. Kaifunika laptopu ya mtu kwa mkono wake! Mwamuzi huyo huyo nlimuuliza habari ya kutakasia, kanuni ya bao lenyewe, akanambia ndo nini hiyo.

Halafu kila jozi mechi moja tu, wanarusha sarafu nani aanze basi. Programu isiyo na bahati nasibu ndani yake ikipewa mwanzo ule ule itacheza mchezo ule ule hata mara mia, ndo maana wenzetu wa TCEC, mashindano ya programu za chesi, wanachagua mianzo mbali mbali na kila mwanzo unachezwa mara mbili mnabadilishana upande. Sarafu ndo imetupa bingwa. Kijana mwenyewe simlaumu, kaja kucheza kapewa kikombe, kwani akatae?

Na asije mtu hapa na hadithi ya ndo mara ya kwanza tuwastahamilie. Computer Olympiad, mashindano ya programu za michezo kama hii, ilianza London 1989, na awari, ambayo na bao ni ndugu, imeshachezwa humo. Yaani njia ilishapitwa zamani, ilikuwa ni kusoma tu, bando la kurusha picha za viongozi wakikata keki mlikuwa nalo.

Nnachotaka: log za mechi zote ziwekwe humu, mtaji kwa mtaji, pamoja na hizo kanuni mnazosema mlikuwa nazo. Mechi zilizochezwa na kete mbili mbili zifutwe, ya dada wa Chake irudiwe. Na elfu ishirini zetu za kiingilio, waliotolewa kwa makosa yenu mtawarudishia lini? Nauli ya boti siidai.