Kadi za vyakula, mwalimu wa Jumamosi au mapishi yetu wenyewe: kipi kitawazoesha watoto Kifaransa nyumbani?

Mama_Wawili
Habari zenu. Nataka watoto wangu wazoee Kifaransa kupitia mambo ya jikoni, na kabla ya mwisho wa mwezi sina budi kuchagua kimoja kati ya vitatu. Kuna pakiti ya kadi za vyakula kwa shilingi 45,000. Kuna mwalimu aliye tayari kuja kila Jumamosi kupika nao kwa Kifaransa kitupu, kwa shilingi 30,000 kila kipindi. Na kuna kupika wenyewe kwa kufuata mapishi ya Kifaransa. Mngechagua kipi?

Mpishi_Mtaratibu
Dada, umetaja bei ukaacha yaliyo muhimu. Watoto wana umri gani? Wewe mwenyewe unakijua Kifaransa? Una oveni, au jiko la gesi tu? Na kwa nini Kifaransa, tena kwa haraka hiyo?

Mwalimu_Mstaafu
Kadi ziache dukani. Mtoto anaweza kujua kwamba wali ni *riz* na bado akakwama, kwa sababu akiupenda atasema *j'aime le riz*, akiula atasema *je mange du riz*, akiupima atasema *un kilo de riz*, na akiukataa atasema *pas de riz*. Hayo hayafundishwi na picha. Hufundishwa mezani, mtoto anapotakiwa kusema anachotaka ndipo apakuliwe.

Bi_Mkubwa_Tanga
Nami naomba niseme yaliyonipata kwa mwalimu wa namna hiyo. Alichagua keki ya mtindi, *gâteau au yaourt*, ambayo watoto wa Ufaransa huijua tangu chekechea kwa kuwa haihitaji mizani: kopo la mtindi likishamiminwa, lilelile hupima sukari mara mbili, unga mara tatu na mafuta nusu, kisha huongezwa mayai matatu. Mwanangu alihesabu *un, deux, trois* vizuri sana, nami nikaona fedha yangu haijapotea. Walipofika kwenye *levure chimique*, mwalimu alikuwa barazani akizungumza na simu. Mtoto akalitafuta neno la kwanza peke yake, akaambiwa ni hamira, akatia vijiko viwili vya hamira ya maandazi, kumbe maneno hayo mawili kwa pamoja ni beking pauda. Keki haikuumuka hata kidogo, na ilinuka kama togwa iliyolala. Lililoniuma zaidi ni kwamba tangu dakika ile hakuna aliyesema tena neno la Kifaransa: mimi, mtoto na mwalimu tulilaumiana kwa Kiswahili mpaka saa ya kuondoka, na malipo yake alitaka kamili.

Mama_Wawili
Pole sana, Bi Mkubwa. Watoto wana miaka 8 na 11. Oveni sina. Kuhusu Kifaransa changu, naomba tupite.

Mpishi_Mtaratibu
Basi pika *crêpes*, ambazo Wafaransa huzikaanga hasa tarehe 2 Februari, siku ya *Chandeleur*. Kwako si jambo geni, kwani ni ndugu wa chapati za maji: unga, maziwa, mayai na kikaango. Mtoto asome na kuamuru, *mélangez, versez, retournez*, yaani changanya, mimina, geuza, nawe utii bila kuongeza lako. Asiposema *retournez*, usigeuze, hata kama inaungua. Kwa njia hiyo kutojua kwako kunageuka faida.

Mtu_wa_Lubumbashi
Wote mmesahau bei. Wanangu hucheza genge: mmoja anauza nyanya na vitunguu, mwingine anapunguziwa, na hapo ndipo namba zinapokaa kichwani. Ila kadi zilizochapishwa Ufaransa zitawafundisha *soixante-dix* kwa sabini na *quatre-vingt-dix* kwa tisini, ilhali sisi Kongo husema *septante* na *nonante*.

Mwalimu_Mstaafu
Ndugu, tusimchanganye mama wa watu. Waanze na cha Ufaransa, maana vitabu vingi ndivyo vilivyo. La sivyo itabidi awaeleze pia kwamba *déjeuner* ni chakula cha mchana Paris, lakini ni cha asubuhi Ubelgiji na Quebec.

Mtu_wa_Lubumbashi
Na kwa nini asiwaeleze? Mtoto anayejua kwamba mchicha ni mmoja na majina ni mengi hawezi kushindwa na *nonante*.

Mpishi_Mtaratibu
Dada, swali langu la mwisho bado hujalijibu.

Mama_Wawili
Samahani, nilidhani halihusiki. Baba yao amepata kazi Bujumbura, nasi tunahamia huko mwezi wa saba.

Mtu_wa_Lubumbashi
Halihusiki! Burundi nako ni *septante* na *nonante*. Mwalimu, karibu kwetu.

Mwalimu_Mstaafu
Kwa namba nimekubali. Kwa kadi sijakubali.

Bi_Mkubwa_Tanga
Mkikaa karibu na Buyenzi, mtaa wa Waswahili huko Bujumbura, hao watoto watanunua maandazi kwa Kiswahili kila asubuhi, na Kifaransa kitabaki cha shuleni. Kuhusu mwalimu wa Jumamosi, mwulize kwanza kama hupokea simu akiwa kazini.