Umoja wa maduka 23 Ireland: hoja zetu tuzipeleke kwa nani, na lini?

Mlango_wa_Kati:
Wakuu, salaam. Kuna umoja mchanga wa wafanyabiashara wadogo katika mji mmoja wa magharibi mwa Ireland: maduka, migahawa, saluni mbili, karakana na hoteli moja. Jumla 23. Umoja hauna mwajiriwa, kila mtu anajitolea. Malalamiko ni matatu: kodi ya majengo ya biashara, gharama za mishahara, na wateja wakubwa wanaochelewesha malipo. Wengi wanataka tumwandikie mbunge barua moja yenye yote matatu. Ndiyo njia? Na ni kweli kuna kujisajili kabla ya kuzungumza na viongozi?

Kizidisho:
Barua ya namna hiyo hujibiwa kwa adabu, na mambo huishia hapo. Kila lalamiko lipelekeni kwa mwenye kalamu yake, na mbunge hana kalamu ya kodi ya majengo.

Kodi hiyo ni namba mbili zinazozidishwa. Ya kwanza ni thamani ya jengo, yaani pango ambalo lingelipwa kwa mwaka. Hukadiriwa na Tailte Éireann, taasisi ya serikali iliyorithi kazi hiyo Machi 2023. Ya pili ni kizidisho, ARV, kinachopitishwa na madiwani kwenye kikao cha bajeti, kwa kawaida Novemba. Thamani ikiwa euro 24,000 na ARV 0.25, mnalipa 6,000. ARV ikipanda kwa asilimia 5, kila duka la namna hiyo linaongeza 300.

Wengi hukosea kwa kwenda Novemba. Kitabu cha bajeti kikishachapwa, fedha zimeshagawiwa barabara, maktaba na zimamoto, na diwani akitaka kupunguza ARV lazima aseme pengo litazibwa na nini. Waoneni madiwani Septemba. Pia, msiombe ARV ishuke tu. ARV ni moja kwa walipaji wote wa halmashauri, hivyo ikishuka, anayepata nafuu kubwa ni supamaketi yenye jengo kubwa. Ombeni ruzuku kwa wenye kodi iliyo chini ya kiwango fulani, wanaolipa kwa wakati. Nendeni na hesabu ya gharama yake, kwa sababu diwani asiye na namba mkononi hawezi kuwatetea mbele ya maofisa wa fedha.

Kuhusu thamani yenyewe, hapa watu hulipa zaidi miaka mingi bila kujua, na inauma kwa sababu dosari huonekana kwa futi ya kupimia tu. Duka hugawanywa kanda kuanzia kwenye kioo cha mbele. Mita 6.1 za kwanza ni kanda A, yenye bei kamili kwa mita ya mraba, mita 6.1 zinazofuata ni kanda B, nusu ya bei, zinazofuata, robo. Chukua duka lenye upana wa mita 5 na kina cha mita 12.2, bei ya mfano euro 200. Kanda A ni mita za mraba 30.5, sawa na 6,100. Kanda B ni 3,050. Jumla 9,150. Sasa, kama nusu ya nyuma imetengwa kwa ukuta na ni stoo yenye bei ya euro 40, inakuwa 1,220, na jumla inashuka hadi 7,320. Kwa ARV ya 0.25, tofauti ni euro 457.50 kila mwaka.

Orodha ya thamani iko wazi kwenye tovuti ya Tailte Éireann, kwa hiyo linganisheni na majirani. Wakati wa ukadiriaji mpya mnapata hati ya mapendekezo, mna siku 40 za kutoa maoni. Hati ya mwisho ikitoka, rufaa kwa Valuation Tribunal, baraza la rufaa za thamani, ni ndani ya siku 28. Rufaa lazima itaje thamani mnayoiona sahihi na majengo ya kulinganisha. Kusema "biashara ni ngumu" hakusaidii, maana kinachopimwa ni pango, wala si faida.

Karani_wa_Daftari:
Nyongeza kuhusu usajili, kwa sababu hiyo hoteli ndiyo inanitia wasiwasi.

Sheria ya 2015 ya kushawishi viongozi inahusu mwajiri mwenye wafanyakazi wa muda kamili zaidi ya 10, chama chenye angalau mwajiriwa mmoja, na yeyote anayeshawishi kuhusu upangaji wa ardhi. Ukiisoma hivyo tu, umoja wenu uko nje. Lakini marekebisho yaliyoanza kutumika Juni 2024 yameziingiza jumuiya za wafanyabiashara hata zisizo na mwajiriwa, ikiwa mwanachama mmoja tu angebanwa na sheria kama angekwenda peke yake. Hoteli ikiwa na wafanyakazi wa muda kamili 11, umoja mzima umeingia.

Madiwani, wabunge, maseneta, mawaziri na watendaji wakuu wa halmashauri wote wanahesabika. Usajili ni bure, kwenye lobbying.ie, nao hufanywa baada ya mazungumzo ya kwanza, si kabla. Mwaka una vipindi vitatu vinavyoisha Aprili, Agosti na Desemba. Taarifa hupelekwa kabla ya tarehe 21 ya mwezi unaofuata kupita: 21 Mei, 21 Septemba, 21 Januari. Andikeni mliongea na nani, kuhusu nini, mkitaka nini, kwa njia gani.

Wanaojitolea hunaswa hapa: mkishasajiliwa, kipindi ambacho hamkuongea na mtu bado kinahitaji taarifa tupu. Ukichelewa, faini ni euro 200. Mteueni mtu mmoja na tarehe hizo zibandikwe ukutani.

Mlango_wa_Kati:
Shukrani nyingi. Hoteli ina watu 14 wa muda kamili, basi tutasajili. Na mishahara? Hiyo si ya halmashauri.

Saa_ya_Arobaini:
Hiyo ni ya serikali kuu, Dublin, mkuu, na kalenda yake ni ya mapema zaidi. Low Pay Commission, tume ya mishahara ya chini, hupendekeza kima cha chini cha mshahara baada ya kupokea maoni miezi ya mwanzo ya mwaka. Bajeti ya taifa husomwa Oktoba. Ukipeleka hoja Septemba, meza imeshafungwa.

Msiende kulia kwamba mishahara imepanda. Kima kilikuwa euro 13.50 kwa saa mwaka 2025, kikawa 14.15 Januari 2026, na hao wafanyakazi nao wana kodi za nyumba za kulipa. Shikeni jambo linalorekebishika, mfano ngazi ya PRSI ya mwajiri, yaani mchango wa hifadhi ya jamii anaoulipa juu ya mshahara. Mwanzoni mwa 2026, mshahara wa wiki usiozidi euro 552 ulitozwa asilimia 9. Ukizidi, asilimia 11.25 ya mshahara wote, si ya ziada tu. Saa 39 za kima cha chini ni 551.85, chini ya mpaka kwa senti 15. PRSI yake ni 49.67. Mwongezee saa moja: mshahara ni 566, PRSI inakuwa 63.68. Saa ya euro 14.15 imemgharimu mwenye duka 14.01 nyingine ya PRSI pekee. Mfanyakazi anayetaka saa hiyo naye anaikosa. Ombeni kiwango cha juu kitozwe kwenye kile kilichozidi tu. Hesabu hii inakaa kwenye ukurasa mmoja, na mbunge anaweza kuisoma bungeni kama ilivyo.

Umoja wa watu 23 hautasikika peke yake huko. Jiungeni na chama cha kitaifa: ISME, iliyoanzishwa 1993 kwa ajili ya biashara ndogo na za kati peke yao, au Small Firms Association iliyo ndani ya Ibec, shirikisho la waajiri, au Chambers Ireland, mtandao wa vyama vya wafanyabiashara. Wapeni hesabu zenu, wanazihitaji.

Ankara_Mkononi:
Malipo ya kuchelewa hayahitaji sheria mpya, yanahitaji kutumia iliyopo: kanuni za 2012. Kama hamkuandikiana tarehe, deni huhesabika limechelewa zikipita siku 30 tangu ankara ipokelewe, au tangu bidhaa zifike kama zilifika baadaye. Taasisi za umma nazo, siku 30. Riba ni kiwango cha Benki Kuu ya Ulaya kujumlisha pointi 8, nayo inadaiwa hata kama mkataba uko kimya. Nusu ya pili ya 2025 ilikuwa asilimia 10.15 kwa mwaka. Deni la euro 6,000 lililochelewa siku 45 linazaa 75.08, juu yake fidia ya 70. Fidia ni 40 kwa deni lisilozidi 1,000, na 100 kwa linalozidi 10,000.

Utaratibu wa madai madogo, wa hadi euro 2,000, haupokei deni la ankara. Nendeni District Court, mahakama ya wilaya, mwisho euro 15,000.

Onyo moja kwa umoja: kukusanya takwimu za ucheleweshaji bila majina ni sawa. Kukubaliana kikaoni kwamba nyote mtaacha kumuuzia mdaiwa fulani, au mtapandisha bei pamoja, ni kuvunja sheria ya ushindani ya 2002. Mtu akianza mazungumzo hayo, mwenyekiti amkatize, na katibu aandike kwenye muhtasari kwamba alikatizwa.