Naomba ushauri: tajiri, mkwasi au bwanyenye?

Ndugu zangu, hamjambo. Naandaa orodha ya maneno kwa wanafunzi wa Kiswahili hapa Kampala, wengi wao Waganda, na nimekwama kwenye neno la kumtafsiria *omugagga*, yaani mwenye mali kwa Kiganda.

Sarufi si tatizo sana. Tajiri mmoja, matajiri wawili. Umbo ni la ji-ma, lakini upatanisho ni wa watu: tajiri amefika, matajiri wamefika, kamwe si "tajiri limefika". Mwenye kufikiri kwa Kiganda huona viambishi vyake vya watu, *omu-* (umoja) na *aba-* (wingi), akaunda "mtajiri, watajiri". Hilo larekebishika.

Ugumu uko kwenye maana. Asili ya tajiri ni Kiarabu, na huko ni mfanyabiashara. Katika Kiswahili ni mwenye mali, lakini pia ni mwajiri au mwenye chombo: dereva akisema "tajiri anataka hesabu yake jioni", anamtaja mwenye gari, ambaye huenda ana hilo hilo moja tu, tena la mkopo! *Omugagga* je, mnaona labeba maana hiyo ya pili?

Mkwasi ni tajiri hasa, ila linanukia maandishi. Sokoni Owino sidhani utalisikia. Bwanyenye na kabaila nimeyaweka kando, maana yamebeba siasa za kitabaka: la kwanza bepari, la pili mwinyi wa ardhi.

Je, niandike tajiri kwa maana zote mbili na mfano wa sentensi kwa kila moja, au ile ya pili niiachie "mwajiri" na "mwenye gari"? Na mkwasi, nimfundishe anayeanza au asubiri?