KAMBA YA PUNDA MKONONI MWA DAKTARI, TENA PALE JETI WATU WOTE WAKIONA!!!

Bi_Masanduku
Leo msinitafutie adabu. Nimekaa juu ya sanduku ambalo hata sijalifungua, chai imenipoa mkononi, na yule ami wa mume wangu sijui nimfanye nini. Simtaji. Amu nzima, ndiyo Lamu, yamjua, yule wa bakora na miwani iliyofungwa uzi, asosalimia mtu bila kumuuliza mshahara.

Tumefika leo asubuhi kwa boti ya Mokowe, watoto wamelegea, basi limetuvunja migongo tangu Mombasa. Nikamuona ami amesimama jeti na punda nikasema mashallah, mzee kaja kutupokea. Moyo wangu nao mjinga. Masanduku manne yakapakiwa, watu wamejaa, mahamali, watalii, wauza maji, halafu ami akachukua kamba ya punda akamwekea mume wangu mkononi akamfumba vidole kimoja kimoja kama unavyomfumba mtoto mkono juu ya pesa ya idi, akapaza sauti ya adhana: "Shika, daktari. Hii kazi haitaki barua tatu."

BARUA TATU!!!

Mjue hizo barua alizijuaje. Mwaka jana alipiga simu kuuliza mbona kazi haijapatikana, na mume wangu kwa wema wake akamueleza kila kitu, kwamba kazi za chuo kule Marekani nyingi hutangazwa kuanzia Agosti, na ni za kuanza Agosti ya mwaka unaofuata, utume wasifu, barua yako, maelezo ya utafiti, maelezo ya ufundishaji, na maprofesa watatu wakuandikie mapendekezo, halafu ungoje na mamia ya wenzako wanaotaka kiti hicho hicho kimoja. Ukibahatika wakuhoji kwa Zoom. Ukibahatika tena wakuite siku mbili, utoe mhadhara, usiku wakupeleke hotelini kula, na hata pale mezani wanakupima unavyotafuna. Ami alikuwa anasikiliza tu, mmh, mmh, kumbe anaanika maneno kama ng'onda, akayaweka mwaka mzima mpaka jeti ijae.

Mimi ndiye niliyehama na sufuria jamani. Ohio miaka 6 kwenye theluji akisomea PhD, alipomaliza 2023 tukahamia Texas kwa kazi ya utafiti ya mkataba, mwaka mmoja, wakaongeza mmoja, kwisha. Watoto wameshabadilisha skuli mara tatu, mdogo akiulizwa kwenu wapi anasema "bado hatujajua". Ametuma maombi 64, mimi ndiye nimeyahesabu. Mwaka 2025 vyuo vingi kule vilisimamisha kuajiri, na Septemba serikali yao ikatangaza ada ya dola 100,000 kwa mwajiri anayeomba viza mpya ya kazi, ile H-1B. Kwa pesa hizo unanunua punda wa mtaa mzima ukabaki na chenji. Chuo gani kitamlipia hiyo mtu wa mikoko?

Ndiyo, mikoko. Digrii yake ni ya mikoko. Na yule punda kazi yake ya kila siku ni kubeba boriti. BORITI ZA MIKOKO. Msiniambie ami alimchagua bahati mbaya.

Akamfumba vidole. Kimoja kimoja. Wallahi hata punda aliinamisha kichwa kwa haya.

Na mnataka kujua mume wangu alijibu nini? "Ahsante ami." AKAVUTA. Akamvuta mpaka Langoni.

KaptenAlfajiri
Nilikuwepo. Haki ya Mungu daktari anavuta vizuri, kona ya kwanza tu punda keshamzoea. Ile miaka 6 haikupotea.

Mchu_Mkavu
barua tatu 😂😂😂 nimeanguka barazani mke wangu kaja mbio

Bint_Langoni
Pole sana dada yangu. Huyo huyo ami kwenye matanga ya bibi yangu, maiti hajatoka ndani, aliniuliza nimeshapata mume au bado nasoma. Nikamwambia bado nasoma. Akasema "basi soma Yasini".

Mchu_Mkavu
Huyu mzee apewe kipindi redioni

Bi_Masanduku
Mnacheka! Mbele ya mahamali! Alimfumba VIDOLE!

MwalimuWaKipande
Bi mkubwa hebu punguza, nyinyi wa Marekani mnalalamika mmeshiba. Mimi nafundisha part-time vyuo viwili hapa hapa pwani, semesta tatu sijaona senti, nasahihisha mitihani kwa mshumaa. Tangazo la kazi likitoka wanataka nakala za karatasi juu ya karatasi, cheti cha KRA cha kodi, cha HELB cha mkopo wa masomo, cha EACC cha maadili, cha DCI kwamba wewe si mhalifu, cha CRB kwamba hudaiwi, na vingine unalipia mwenyewe. Sasa mtu hujalipwa semesta tatu utakosaje kudaiwa? Mwaka 2025 wahadhiri waligoma siku 49 wakidai shilingi bilioni 7.9, wenzangu wa kudumu wamerudi na ahadi yao mkononi. Sisi wa vipande hata kwenye mgomo hatukuhesabiwa, maana hakuna aliyegundua tumegoma.

KaptenAlfajiri
😭 hiyo ya mwisho imeniuma kweli

Bi_Masanduku
Pole kaka, kwa kweli pole. Lakini uzi huu ni wa KAMBA, fungua wako.

Mofa_Moto
Samahani, huyo daktari anatibu nini haswa? Mama yangu ana mguu unamvimba.

Bi_Masanduku
HATIBU. Ni daktari wa kusoma. Wa mikoko.

Mofa_Moto
Mikoko ina ugonjwa gani?

FundiDau
Mimi nitasema na mnitukane. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya nzima iko huku kwetu Lamu. Baba yangu akikata boriti, mimi nimekata, mkandaa na muia nazitambua usiku kwa kupapasa. Serikali ilipopiga marufuku ukataji 2018 tulikula upepo, na hakuna msomi aliyetuandikia hata barua moja, seuze tatu. Daktari akitaka kazi aje kisiwani nimuoneshe mikoko, asiogope tope. Kamba ya punda si tusi, wengine imetusomesha watoto.

Bi_Masanduku
Sijasema kamba ni tusi! Nimesema ILIVYOPEWA! Kuna kupewa na kupewa!

Bint_Langoni
FundiDau nawe umesema, lakini kuna mtu anamkumbuka yule punda? Si ndiye anayelia saa tisa za usiku nyuma ya kwetu? Mtoto wangu hajalala wiki mbili, na mlangoni kila siku ni mavi, nimechoka kufagia kitu ambacho sikukila.

Mchu_Mkavu
Mwenye sikio la kushoto lililokatika?

Bint_Langoni
Huyo huyo.

Mchu_Mkavu
Ngoja ngoja. Huyo punda si wa ami!! Huyo ni wa shemeji yangu, ami aliazima Ramadhani kuleta mchanga wa kisima, akisema siku mbili.

KaptenAlfajiri
Ramadhani hii iliyopita?

Mchu_Mkavu
Ile ya kabla yake.

MwalimuWaKipande
Mnaona? Hata punda ni part-time. Anafanya kazi na mwenyewe halipwi.

Bi_Masanduku
Jamani mimi bado naumwa na moyo huku.

Mchu_Mkavu
Bi mkubwa kwanza nijibu, punda yuko wapi sasa hivi?

Bi_Masanduku
Chini, mlangoni. Daktari anamnywesha maji. Kamba bado ameishika, nimemwambia aachie hasikii.

Mchu_Mkavu
Asiachie! Mwambie asiachie kabisa, shemeji anakuja na mashahidi.

KaptenAlfajiri
Mashahidi wangapi?

Mchu_Mkavu
Watatu.

KaptenAlfajiri
Waje na barua 😂

Mofa_Moto
Na mguu wa mama?