Eneo la taka za sumu likifurika, mwandishi asubiri vipimo?

Mleta mada: Wadau, kimbunga Harvey kilipoipiga Texas mwishoni mwa Agosti 2017, maji yalivamia maeneo ya Superfund, yale ambayo serikali ya Marekani imeyaorodhesha yasafishwe taka za sumu. Tarehe 2 Septemba shirika la habari la AP likaandika kwamba waandishi wake wamefika kwenye maeneo saba ya Houston na viungani, kwa mashua, gari na miguu, na maafisa wa EPA, mamlaka ya mazingira, hawajaonekana. EPA ikajibu kuwa imekagua maeneo 41 kwa picha za angani, 13 yamefurika au huenda yameharibika, na hayafikiki. Kesho yake ikatoa taarifa ya kumsema mwandishi mmoja kwa jina, eti anaandika akiwa amestarehe Washington. Mwenzake aliyeandika naye ndiye aliyekuwa ndani ya maji!

Mimi nasema mwandishi asisubiri. Na msemaji akiulizwa, "hatujapima, tutapima maji yakipungua" ni jibu tosha. Kumshambulia muulizaji si jibu.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, taratibu. Kufurika si kuvuja. Kamera haioni dioksini, ile kemikali ya sumu kali. Ukiandika "eneo la sumu limezama", mama aliyeko kwenye makazi ya muda anasikia "sumu imeingia chumbani kwangu". Ukishamtia hofu hiyo, nani atakwenda kuitoa? Mimi ningengoja maabara.

Mleta mada: Kufurika si kuvuja, hapo tuko pamoja. Ila tazama mashimo ya mto San Jacinto, kando ya barabara kuu ya I-10. Kuna taka za kiwanda cha karatasi za miaka ya 1960, zimefunikwa kwa kitambaa maalumu na mawe juu yake. Majibu ya maabara yalitangazwa tarehe 28 Septemba: wapiga mbizi walikuta kifuniko kimeachia, na sampuli ina dioksini zaidi ya nanogramu 70,000 kwa kilo. Kiwango cha kuanza kusafisha ni 30. Huyo mama angekuwa amesharudi na kuzoa tope kwa mikono.

Mchangiaji wa pili: Nyote mnazungumzia maji, wakati dioksini haiyeyuki, inang'ang'ania tope. Mwandishi akiuliza "maji ni salama?" ataambiwa ni salama, na huenda ikawa kweli. Aulize tope limepimwa wapi, lini, na nani kashika chombo. Maswali mengi niliyoyaona hayafiki huko, na wasemaji wanalijua hilo.

Mchangiaji wa kwanza: Hapo nimekuelewa. Lakini bado, kichwa cha habari kiseme "hakujapimwa" kabla ya kusema "sumu".

Mleta mada: Sawa kabisa. Oktoba 2017 EPA hiyohiyo iliidhinisha taka zile ziondolewe, gharama ikikadiriwa dola milioni 115, huku kampuni zinazopaswa kulipa zikitetea kifuniko kibaki. Sasa niambieni, bila zile safari za mashua, presha ya kupeleka wapiga mbizi ingetoka wapi?