Sevisi ya pikipiki: niendelee kwa wakala au nijifunze kujifanyia mwenyewe?

BaridiYaMilimani

Wakuu habari za humu. Naomba ushauri wa watu wanaozijua pikipiki kweli.

Mimi ni afisa ugani huku Makete, nina Boxer BM 150 nimeinunua mpya kwa mkopo wa benki, nakatwa kwenye mshahara miaka miwili, kwa hiyo hii mashine ikifa mimi nimeumia mara mbili. Kazi yangu yote ni vijijini, leo niko kwa wakulima wa viazi upande wa Kitulo kesho Matamba, vumbi kiangazi na tope masika, milima ndo usiseme.

Sevisi ya kwanza niliipeleka kwa wakala Njombe, wakanihudumia vizuri tu na kijitabu kikagongwa muhuri. Sasa ya pili imekaribia na nimekaa nikapiga hesabu. Njombe ni kilomita mia na kitu kwenda tu, kurudi hivyo hivyo, yani naongeza kilomita 200 kwenye odomita ili nikamwage oili, petroli kama lita tano hivi, na siku nzima ya kazi imeenda. Mdogo wangu ananiambia dada hiyo ni kazi ya nusu saa, nunua oili na spana tufanye hapa uani. Mi naogopa mambo mawili, kwanza waranti, pili kuharibu kitu ambacho sikijui.

Swali langu, kipi naweza kufanya mwenyewe bila wasiwasi na kipi nisiguse kabisa? Na nikifanya mwenyewe waranti si ndo imekufa?

DerevaWaNyasa

Mkuu fanya mwenyewe, usipoteze muda. Mimi yangu (siyo Boxer, na duka silitaji) niliipeleka kwa wakala miaka ya nyuma nikalipia sevisi kamili, karatasi imeandikwa oili, plagi, kusafisha eyakilina (chujio la hewa), kukaza cheni, kuangalia tapeti (ile nafasi ya valvu za injini). Nimefika nyumbani nachungulia oili nyeusi tii, cheni inaning'inia vile vile, nikafungua plagi ni ile ile yangu ina mkwaruzo niliouweka mwenyewe na bisibisi mwezi uliopita. Nilirudi wakasema kijana wa mafunzo ndo alifanya, wakarudia bure, lakini imani ilishaondoka. Kutoka siku hiyo namwaga oili mwenyewe na najua kilichoingia ndani kwa sababu chupa nimeifungua mimi.

Spana_Kumi

Dada, maana naona mdogo wako kakuita dada, karibu sana. Mimi ni fundi, natengeneza hizi pikipiki mwaka wa 14 sasa, na sitakwambia njoo kwangu maana niko mbali na wewe.

Kwanza tuondoe uoga. Sevisi ya kawaida ya pikipiki ya kabureta yenye silinda moja inayopozwa na upepo haina siri. Ni oili, chujio, eyakilina, plagi, cheni, breki, waya wa klachi na wa mafuta, upepo wa tairi, kukaza nati zilizolegea, na tapeti. Hapo kwenye orodha tapeti peke yake ndo inataka mtu aliyefundishwa, vingine vyote mtu mwenye mikono mitulivu anajifunza kwa kuangalia mara mbili.

Oili fanya hivi. Iwashe pikipiki dakika tatu nne injini ipate uvuguvugu, huko kwenu baridi usiruke hatua hii kwa sababu oili ya baridi ni nzito haitoki na uchafu wake. Simamisha kwa stendi ya kati mahali pamesawazika, weka beseni, fungua bolti ya chini ya kumwagia oili. Angalia bolti imetoka na nini, unga laini wa chuma kwenye injini mpya ni kawaida, vipande vinavyoshikika kwa kidole siyo kawaida, hapo simama nenda kwa wakala na ile oili kwenye chupa waione. Pikipiki nyingi za aina hii zina chujio la waya, lioshe kwa petroli lipulize likauke. Ukirudisha bolti anza kwa VIDOLE mpaka iingie yenyewe mizunguko kadhaa ndo ushike spana, na washa yake (ile pete inayokaa chini ya bolti) kama imechoka weka mpya, ni hela ndogo mno. Alafu mimina oili kidogo kidogo ukipima, usiseme lita moja ni lita moja ukaimimina yote, kipimo halisi kipo kwenye kijitabu chako na alama za juu na chini zipo kwenye pikipiki yenyewe. Kuzidisha nako ni kosa, injini inakuwa nzito na oili inatafuta pa kutokea.

Eyakilina kwa vumbi la huko usisubiri kilomita za kijitabu. Zile zimeandikwa kwa mtu wa lami. Ya sponji unaiosha na mafuta ya taa, unaikamua bila kuipinda, inakauka, unaipaka oili safi kidogo unakamua tena. Ya karatasi haioshwi, unaigonga vumbi litoke unapuliza kutokea ndani kwenda nje, ikiwa nyeusi unabadili. Mimi injini nyingi ninazofungua zimekula ringi na pistoni sababu siyo oili, ni vumbi lililopita kwenye eyakilina iliyotoboka au ambayo mtu aliitoa kabisa ili "ipumue".

Mtu_wa_Mtwango

Nakubaliana na fundi ila DerevaWaNyasa naona unamrahisishia sana dada wa watu. Mimi nilianza kujifanyia bila kufundishwa na nililipa. Mara ya kwanza nilikaza bolti ya oili kwa nguvu zote nikidhani ndo usalama, ile sehemu ya injini ni alumini siyo chuma, thredi zikafa, oili ikawa inadondoka tone tone, nikaenda kuchongewa upya na bolti kubwa zaidi, gharama yake ni sawa na sevisi nne za wakala.

Mara ya pili nikaweka oili ya gari. Muuzaji aliniambia hii ni bora zaidi ni ya magari ya kisasa, na kweli ilikuwa ghali. Baada ya wiki pikipiki inapanda mlima injini inalia lakini haivuti, klachi inateleza. Kumbe klachi ya pikipiki nyingi inaogelea kwenye oili ile ile ya injini, na oili nyingi za gari zina dawa ya kupunguza msuguano, sasa klachi bila msuguano itashika nini? Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA au MA2, hiyo ni alama ya Wajapani kwa oili za pikipiki zenye klachi ya kwenye oili, alafu unene ule uliotajwa kwenye kijitabu. Kwa milima ya Makete na mzigo nyuma hili la klachi litakukuta mapema kuliko mtu wa bonde.

Na oili nunua duka unalolijua, angalia siili, ukimaliza toboa chupa kabla hujaitupa maana kuna watu wanaokota chupa nzima wanajaza oili chakavu iliyochujwa wanarudisha sokoni.

KijijiHadiMji

Kuhusu waranti, nimewahi kudai na nikalipwa spea kwa hiyo nasema nilichopitia. Waliniomba kijitabu, wakahesabu mihuri na kilomita, waliporidhika ndo wakafungua injini. Kila wakala ana masharti yake ndo maana soma ukurasa wa waranti wote, maandishi madogo pia, alafu WAPIGIE SIMU uliza mambo mawili, je wana fundi anayetambulika karibu na Makete anayeweza kugonga muhuri, na je kumwaga oili katikati ya sevisi mbili kunaruhusiwa. Wangu walisema katikati ya sevisi mwaga unavyotaka ila zile za kwenye kijitabu lete.

Ushauri wangu, muda wa waranti haujaisha peleka zile za lazima, zipange na safari zako za kikazi Njombe, wewe si unaenda mkoani kwenye vikao? Peleka siku hiyo hiyo asubuhi ukitoka kikaoni unachukua. Na risiti za oili unayonunua mwenyewe ziweke kwenye bahasha moja na kijitabu, andika tarehe na kilomita.

Na ukiwa pale usikae nje kwenye benchi na simu. Omba kusimama karibu uone wanachofanya. Hiyo ni shule na umeilipia.

Spana_Kumi

Hapo KijijiHadiMji umemaliza. Naongeza cheni maana kwa dada wa milimani ndo itamsumbua kila wiki, hiyo hata siku moja usimsubiri wakala.

Zungusha tairi la nyuma polepole utafute sehemu ambayo cheni imekaza zaidi, pimia hapo, sukuma juu na chini katikati ya spoketi mbili, uchezaji uwe ule wa kijitabu, kwa pikipiki nyingi za kazi unaangukia sentimita mbili mpaka tatu. Ukivuta tairi nyuma hakikisha alama za kushoto na kulia ziko sawa, la sivyo tairi linakaa upande na spoketi inaliwa ubavu. Na kitu ambacho wengi wanasahau, breki ya nyuma ya fimbo, ukisogeza tairi nyuma breki inakaza yenyewe, kwa hiyo ukimaliza cheni lazima urekebishe breki, zungusha tairi kwa mkono liwe huru kabisa. Nimeletewa pikipiki inatoa moshi kwenye habu mtu kakaza cheni jana yake na breki imekuwa ikishika njia nzima.

Cheni paka oili mpya ya giaboksi namba 90. Ile chakavu uliyomwaga usipake, ina vumbi la chuma ndani, unaisugua cheni badala ya kuilainisha. Na usiimwage shambani tafadhali, wewe ni mtu wa kilimo unajua, weka kwenye dumu wapelekee gereji.

BaridiYaMilimani

Jamani asanteni sana, nimesoma zote mara mbili na nimeandika kwenye daftari. Nimewapigia wakala leo mchana. Wamesema sevisi za kwenye kijitabu nipeleke, ila oili ya katikati na cheni na eyakilina nifanye mwenyewe hamna shida, na tarehe 18 nina kikao Njombe kwa hiyo nimepanga siku hiyo. Mdogo wangu nimemwambia aache spana ya kubana ya babu anunue spana ya namba halisi.

Kuna kitu nimekisahau kuuliza. Nikipanda Kitulo naona inakuwa nzito kidogo na plagi nimeifungua ina masizi meusi. Fundi wa hapa kijiweni anataka kunifungulia kabureta abadilishe. Nimkubalie? Na tapeti nitajuaje zimefika wakati, huwa nawasikia watu wanasema ikianza kupiga kelele.

Spana_Kumi

Usimkubalie kwanza. Kitulo ni juu sana, zaidi ya mita 2,500, hewa ni nyepesi, petroli inaingia ile ile lakini hewa ya kuiunguza imepungua, lazima masizi yatokee kidogo na nguvu ishuke. Ukishuka inarudi yenyewe. Anza na eyakilina iwe safi, na hakikisha choki umeirudisha, asubuhi za baridi mtu anaivuta anaondoka nayo hivyo hivyo. Ikiwa nyeusi hata ukiwa chini ndo waambie wakala waiangalie, kabureta ya mashine yenye waranti isifunguliwe kijiweni.

Tapeti sasa, dada hapa nisikilize vizuri kwa sababu hicho ulichosikia ndo kinaua injini nyingi. Tapeti iliyolegea inapiga kelele, inakera ila inakupa taarifa. Iliyokaza iko KIMYA. Valvu haifungi vizuri, moto unapita pembeni yake, inaungua taratibu na pikipiki unaisikia tulivu kabisa unafurahi. Dalili yake ni kuwaka kwa shida injini ikiwa ya moto, kiki inakuwa nyepesi mguuni, na nguvu inapungua mlimani. Inapimwa kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) injini ikiwa baridi kabisa, siyo imetoka safari ya kilomita 100 dakika hiyo hiyo ikafunguliwa. Kwa hiyo hiyo tarehe 18 usiifikishe asubuhi ukataka waishike hapo hapo, waachie funguo uende kikaoni kwako, waambie tapeti waanze nazo mchana ikishapoa, na ukirudi uliza wamepima ngapi ya valvu ya kuingiza na ngapi ya valvu ya kutoa, wakuandikie namba kwenye kijitabu.

BaridiYaMilimani

Nimeelewa fundi. Nitaiacha saa mbili asubuhi, kikao kinaisha saa tisa. Nikirudi naandika hapa namba walizonipa.