Ushauri: mhusika wangu kasema "hela" mwaka 1898, na nakala 200 zimeshachapwa

Kalamu ya Mkonge:
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, nimekwama.

Nimeandika riwaya yangu ya kwanza, inatokea Tanga mwaka 1898, enzi za Mjerumani. Wachapishaji wawili walikaa kimya, nikaamua kuchapa kwa fedha yangu: nakala 200, jalada kachora mdogo wangu. Nauza kwa WhatsApp, mteja akituma pesa namfungia kitabu na kukipandisha basi. Mpaka leo zimetoka 31.

Juzi msomaji mmoja, mwalimu mstaafu, kanipigia. Kasema ukurasa wa 4 mpagazi anakutana na mwenzake, neno la kwanza anamwambia, "Una hela?" Hapo hapo akakifunga kitabu. Eti hela ni Heller ya Kijerumani, na 1898 ilikuwa haijazaliwa. Akaongeza kwamba watu wangu wengine wote wakikutana wanaanza na "Habari za leo?" kama watangazaji wa redio.

Nimehesabu, "hela" imo mara 46. Nichape upya? Nibandike karatasi ya masahihisho? Na ninyi mnaoandika mambo ya zamani, mazungumzo mnayaanzishaje? Natanguliza shukrani.

Pwani Tupu:
Pole dada, ila mwalimu yuko sahihi. Rupia ya Mjerumani ilianza 1890 na iligawanywa kwa pesa 64, mtindo wa Kihindi. Mwaka 1904 ndipo wakaigawa kwa Heller 100. Mpagazi wako ana pesa, hela hana. Bahati yako ni kwamba "pesa" ina herufi nne kama "hela", na ngeli ni ileile. Kwenye faili unabadilisha kwa dakika moja, hakuna ukurasa utakaosogea.

Msomaji wa Basi:
Mnamsumbua bure. Badilisha mwaka, andika 1906, kazi kwisha.

Pwani Tupu:
@Msomaji wa Basi mkuu, mwaka hauhami peke yake. 1898 reli ilikuwa haijafika hata Korogwe. Ilifika 1902, na Mombo 1905. Ukimweka mpagazi huyo 1906, msomaji atauliza kwa nini anatembea na mzigo kichwani ilhali treni inampita. Tena mwaka huo kusini Maji Maji inawaka. Watu wa Tanga wakae barazani wasiitaje?

Nesi wa Zamu:
Mimi nimecheka tu. Sisi wodini nusu kaputi tunaitaja kila siku, na husemwa hiyo kaputi ni kaputt ya Wajerumani. Yaani mgonjwa kafa nusu 😂 Usiitie kwenye riwaya lakini, utapigiwa simu tena.

Babu wa Chumbageni:
Mjukuu wangu, hongera kwa kitabu. Nina mawili matatu.

Wazee wetu walisema Mdachi. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alipotunga utenzi wa vita vile vya Mrima, yaani pwani yetu ya bara, aliwaita Wadachi, basi nawe waite hivyo. Na watu weusi usiwajaze Kidachi kinywani. Mdachi alitutawala kwa Kiswahili, makarani na maakida, wale wasimamizi wake wa wilayani, waliandikiana Kiswahili, ndiyo maana miaka yote ile imetuachia shule, hela na machache mengine ya kuhesabu kwa vidole. Unguja, ambako hakutawala, mpaka leo wanasema skuli.

Sasa hilo la mazungumzo, ambalo naliona kubwa kuliko hela. Hata ukiandika "Una pesa?" bado umekosea. Mtu wa pwani hakurupuki na shida yake. Kwanza hodi. Halafu hujambo, sijambo, wa nyumbani hawajambo? Halafu "Watoka wapi?", na huo si umbea, ni salamu. Ukimkuta mvuvi anza na bahari: "Leo maji mafu, eti?" Akiona unajua maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo, na bamvua, inapojaa na kupwa sana, mengine atakueleza bila kuulizwa. Kijana naye amwamkie mkubwa shikamoo, asubiri marahaba. Mwenye kutaka kukopa huisema haja yake mwisho kabisa, kashaaga, mkono mmoja uko mlangoni.

Tafuta *Desturi za Wasuaheli*, maelezo ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo na wenzake, yalichapishwa na Velten 1903. Humo utawasikia watu wa wakati huo huo wakisema wenyewe.

Kalamu ya Mkonge:
Shikamoo babu. Ahsanteni wote.

Nimeamua hivi: nakala 169 zilizobaki nazitilia karatasi ya masahihisho, kuchapa upya sina uwezo. Toleo la simu nalirekebisha lote. Ukurasa wa 4 nimeuandika jana usiku:

"Hodi!"
"Karibu. Watoka wapi na jua hili?"
"Pangani. Wa nyumbani hawajambo?"
"Hawajambo. Mzigo umeuza?"
"Kidogo." Akakaa, akanywa maji, wakazungumza mvua hadi kivuli cha mwembe kikawahama. Alipokwisha kuaga ndipo akageuka. "Ati, pesa nane huna?"

Babu wa Chumbageni:
Marahaba. Huyo sasa ni mtu wa kwetu.

Msomaji wa Basi:
Mimi nataka nakala yenye hela, na hiyo karatasi usiweke. Nakufuata inbox.